Meza Iliyokuwa Inakwenda

Katika mtaa wetu hakuna mtu anayejua mambo mengi kama mimi. Nimesema mtaa mzima, na sirudishi neno. Ila inabidi niseme pia kwamba mtaa wenyewe una nyumba kumi na moja, tatu hazina watu, moja ni ghala la saruji, na katika ile ya mwisho anakaa mdogo wangu wa kiume, ambaye ananishinda kwa mbali. Basi mimi ni wa pili. Mke wake naye akiyasoma haya atadai nafasi, kwa hiyo niwe wa tatu kabla hajanijia na mwiko.

Mdogo wangu tulimpachika jina la Kamusi tangu akiwa na miaka tisa. Wenzake walikuwa wanameza peremende, yeye anameza vitabu. Amefundisha jiografia miaka thelathini na minne na hakuna siku aliyoingia darasani na karatasi mkononi. Umbali wa mwezi, urefu wa mito, kina cha bahari, vyote vimekaa kichwani mwake kama vifungo katika droo yangu, kila saizi na kikopo chake. Ukimuuliza, anakutolea. Usipomuuliza, anakutolea vilevile.

Shida ilianza alipostaafu. Mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto arobaini kwa mpigo akabaki na msikilizaji mmoja, naye ni mke, naye ana kazi zake. Wifi yangu akikata kitunguu, anaelezwa machozi yanatokea wapi. Akikunja mashuka, anaelezwa pamba inalimwa nchi gani, tani ngapi kwa mwaka. Miezi sita wifi alivumilia. Wa saba akaweka redio jikoni. Wa nane akaweka ya pili, akazifungulia zote. Mdogo wangu naye akaanza kunywea. Asubuhi anavaa tai, anakunywa chai, anakaa sebuleni na tai yake hadi jioni, kisha anaivua na kuitundika. Siku moja nilimkuta analieleza kabati habari za volkano. Nilicheka njia nzima kurudi kwangu, na nilipofika mlangoni nikakuta kicheko kimeniisha.

Ndipo likatoka tangazo. Jengo la posta ya zamani limegeuzwa ukumbi wa sayansi kwa ajili ya watoto, wanatafuta mwelezaji mmoja, umri si hoja. Aliomba, wakamjibu kwa barua: aje Jumamosi, awaeleze watoto wa darasa la tatu jambo moja kwa dakika kumi na tano, mkurugenzi akisikiliza. Jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa kabisa: dunia inazunguka. Alinijia mbio bandani barua ikipepea. Alisema hiyo ni kazi ndogo kama kumsukuma mlevi. Lakini niliona anaifungua barua na kuisoma upya, na nikajua kwamba akiikosa hii atarudi kwenye kabati lake na hatatoka tena.

Wifi alikuwa ameshasema lake. Akikosa, yeye anahamia kwa binti yao, na redio zote mbili anaondoka nazo.

Basi akawa anakuja kufanyia mazoezi kwangu. Banda langu la ushonaji ni chumba kimoja chenye bati juu, mlango mmoja, na kidirisha ambacho jirani alikiziba alipojenga ukuta wake. Giza lake si la mchezo. Taa ipo, ila iko katikati ya dari na mimi niko pembeni na cherehani, na hatujawahi kupatana. Kinachoniokoa ni tundu la msumari kwenye bati. Fundi wa paa alipigilia, akaikosa boriti, akang'oa, akaniachia tundu na pole. Jua likiwaka, kutoka tunduni kinaanguka kidoa cha mwanga, duara safi, ukubwa wa kifungo cha koti. Na kwa macho yangu haya ya miaka sabini na miwili, tundu la sindano silioni mpaka niiingize sindano ndani ya kidoa hicho.

Ndiyo namna yangu ya kufanya kazi. Uzi ukikatika, naburuta stuli mpaka kidoa kilipo, nainua sindano, natunga, narudi. Saa nne kidoa kiko kwenye ndoo ya vipande, saa sita kiko katikati ya meza ya kukatia, saa nane kiko kwenye mguu wa cherehani. Miaka kumi na tisa nimekifuata, na miaka kumi na tisa nimekitukana, maana kina tabia ya kukuponyoka uzi ukiwa umebakiza unywele kupenya.

Mdogo wangu alisimama mbele ya pasi, akaiita "watoto wapendwa", akaanza. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, mara moja kwa siku. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anachukuliwa kilomita elfu moja mia sita na sabini kwa saa. Alisema yote bila kukwama. Mimi nilisinzia mara mbili, nikamsifu mara tatu. Yote nilikuwa nayajua pia. Darasa la nne niliyaandika kwenye mtihani, nikapewa vema nyekundu kubwa kama ndoana. Nilijua dunia inazunguka kama ninavyojua jina la baba wa babu yangu: niliambiwa, nikakubali, na halijawahi kunikosesha usingizi.

Siku ya tatu nilikuwa napinda suruali ya mteja, uzi ukakatika. Nikaburuta stuli, nikainua sindano, nikalamba uzi. Kidoa hicho, kinaondoka. Nikasogea. Nacho kikasogea. Nikakiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa ndiyo wajukuu watakayoanza kusoma.

Mdogo wangu alikuwa amefika kwenye ncha ya kaskazini. Hata hakugeuka. "Hakiendi popote hicho, dada," alisema. "Mwale umesimama palepale. Kinachokwenda ni meza." Akaendelea na barafu yake.

Mimi nikabaki na sindano hewani.

Nikakitazama kidoa. Nikajiambia, haya, tuseme umesimama. Tuseme ni fimbo ndefu iliyotoka kwenye jua, ikapita batini, ikagusa meza yangu, na huko juu kuna mtu ameishika sawasawa, haitikisi. Basi kama fimbo haisogei... Na hapo, sijui nisemeje, niliiona meza inaondoka. Iliondoka polepole chini ya ule mwanga, na mkasi juu yake, na suruali ya mteja, na pasi. Ukuta nao ukawa unakwenda. Na jirani nyuma ya ukuta, pamoja na kiburi chake. Banda zima lilikuwa linajigeuza kama mtu mnene anayegeuka kitandani, na mimi niko juu yake na stuli yangu, nimebebwa, na nimebebwa hivyohivyo siku zote nilizoishi, nikishona.

Tumbo likanipanda kama lile la kwenye bembea inapofika juu. Sindano ikaanguka. Nikakumbatia cherehani kwa mikono miwili.

"Dada, una nini?" mdogo wangu akauliza.

"Tunakwenda."

"Tunakwenda wapi?"

"Sijui. Wote. Shika kitu."

Akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu za presha. Nikacheka mpaka miwani ikaniruka. Alinipepea kwa gazeti, akanipa maji, na kila nikikitazama kidoa kicheko kinaanza upya na mikono inatafuta pa kushika. Mara ya mwisho kusikia utamu wa namna ile nilikuwa na miaka saba na nimening'inia kwenye tawi, mama yuko chini ananiahidi kipigo.

Nilipopata pumzi nikamlaumu. Kwa nini hakuniambia? Akasema ameniambia siku tatu mfululizo, tena kwa takwimu.

"Umeniambia, na nimesikia," nikamjibu. "Ila hukuniambia kwamba ni kweli."

Alinitazama kama unavyomtazama mteja anayedai suruali imefupika yenyewe. Nikamkalisha kwenye stuli, nikamwambia akitazame kidoa na asiseme neno. Akakitazama. Akachukua futi yangu, akapima, akapiga hesabu, akasema dunia inageuka nyuzi kumi na tano kwa saa, sawasawa kabisa na vitabu. Nikamuuliza kama amesikia chochote tumboni. Akasema njaa.

Ikatokea wifi yangu akaingia na chakula chetu cha mchana. Wifi shule aliiacha kabla yangu, na jiografia anayoijua ni njia ya sokoni. Nikamweka palepale, nikamwambia yaleyale: mwanga umesimama, tazama meza. Akaanza kunigombeza kwamba chakula kinapoa. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Wifi yangu, katikati ya neno. Mdomo uliachwa wazi, macho yakawa makubwa, mkono ukatambaa ukaukamata mguu wa meza.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "nishike. Mimi mzito, nitawavuta wote."

Hapo tukaisha. Tulikaa chini kwenye vipande vya nguo, kila mmoja na mguu wake wa meza, tunalia kwa kucheka. Nikimwambia tunakwenda, anasema anaona. Akisema bakuli litamwagika, tunaanza tena. Mwenye suruali akafika kuichukua, akatukuta sakafuni tumekumbatia samani saa saba ya mchana, akasema hana haraka, atapita kesho. Aliondoka kinyumenyume.

Tulipofuta machozi ndipo nikamwona mdogo wangu. Alikuwa amesimama katikati yetu, futi shingoni, anatabasamu lile tabasamu la mtu aliyefika kwenye mazungumzo yakiwa yameisha.

"Mnaona nini?" akauliza.

Tukamweleza. Tukamweleza tena. Akasema ndiyo, ndiyo, anajua. Wifi akamwambia asijue, atazame tu. Akatazama mpaka shingo ikamuuma. Kesho yake alikuja asubuhi, akakaa na kidoa kutoka kwenye ndoo hadi kinapopanda ukutani na kufa. Na Ijumaa vilevile. Alijaza kurasa kumi na moja za vipimo, vizuri ajabu, na tumboni hamna kitu.

Jioni ya Ijumaa, nikifunga banda, akasema taratibu kwamba amepiga hesabu: watoto kama elfu nne amewaambia kwamba dunia inazunguka. "Wote waliniamini, dada. Na mimi niliamini. Sasa nyie wawili mnacheka, na mimi nimekaa na futi." Kesho atasimama mbele ya watoto wa miaka tisa, akasema, na watoto wa miaka tisa wanamjua mtu anayesoma bango.

Nilimwambia aseme takwimu zake kwa sauti kubwa na atabasamu. Ushauri mbovu, lakini jioni ile sikuwa na mwingine.

Jumamosi mimi na wifi tulikwenda naye. Ukumbi ulikuwa unanuka rangi mpya, madirisha yote yamefunikwa mapazia meusi, zulia la kijani limejaa watoto thelathini. Tukapewa viti vya watoto kule nyuma. Mimi nilikaa kwenye kimoja, wifi alikaa kwenye viwili. Mkurugenzi alikuwa mama mwembamba aliyesimama karibu na mlango na fomu yake kwenye kibao, na uso wa mtu ambaye kucheka hakumo kwenye mkataba wake.

Mdogo wangu akaanza. Mhimili. Magharibi kwenda mashariki. Elfu moja mia sita na sabini. Dakika ya tatu mtoto mmoja alikuwa anang'oa nyuzi za zulia. Dakika ya tano wawili walikuwa wamelaliana. Shati la mdogo wangu likaanza kulowa mgongoni, na kadiri linavyolowa ndivyo takwimu zinavyoongezeka. Mkurugenzi akaandika kitu kifupi. Kitu kirefu kingenitia moyo.

Mbele kabisa kulikuwa na msichana ambaye meno mawili ya juu yamekwenda likizo. Akanyoosha mkono.

"Babu, wewe umewahi kuisikia ikizunguka?"

Kalamu ya mkurugenzi ikasimama. Mdogo wangu akashika fundo la tai. Akanitupia jicho. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamtikisia kichwa kwamba ndiyo.

"Ndiyo," akasema. "Juzi tu. Kwa dada yangu yule pale. Niliruka nikaishika meza nisianguke."

Watoto wakaamka wote, na wale waliolaliana. Nikaona mambo yananyooka, nikasimama bila kuitwa, nikatoa ushahidi. Nikasema nilimwona kwa macho yangu, na ukelele alipiga. Wifi akashikwa na kikohozi.

Msichana akafikiri. Akauliza meza ilikuwa inakwenda upande gani.

"Kutoka magharibi kwenda mashariki," mdogo wangu akajibu, haraka, kama mtu aliyeokota swali analolijua.

"Upande gani? Onyesha."

Mkono ukapanda. Ukafika hewani, ukakaa. Ukaenda kulia kidogo, ukarudi. Miaka thelathini na minne ya mashariki na magharibi, na ukumbi una mapazia meusi pande zote. Mwishowe ukachagua. Ulionyesha mlango wa choo.

Msichana akatikisa kichwa. "Huko ni kwetu," akasema. "Jua linatoka kule, kila siku linanipiga machoni nikija shule." Akaonyesha mapazia ya upande wa pili. Halafu, bila ubaya wowote, "Babu, wewe hukushika meza."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi, shahidi. Nikakaa chini polepole, nikatafuta kitu ndani ya mkoba wangu.

Nilingoja mdogo wangu atoe takwimu nyingine. Hakutoa. Akaulegeza ule mkono, akafuta kipaji.

"Sikushika," akasema. "Dada yangu alisikia. Mke wangu alisikia. Mimi najua tu. Nimejua miaka mingi sana."

Hakuna mtoto aliyecheka. Yule msichana alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekwambia hajawahi kuonja sukari. Akainuka, akaenda kwenye pazia, akalivuta kwa uzito wake wote. Mstari wa jua ukaanguka juu ya zulia, ukapita kwenye kiatu cha kushoto cha mdogo wangu, mweupe, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa na mkasi wangu mzuri.

"Simama hapohapo," akamwagiza. "Usitikisike."

Akasimama. Watoto wakamzunguka, wamechuchumaa, pua karibu na kiatu. Dakika zikaenda. Muda wake ukaisha, mkurugenzi akatazama saa, akaacha. Ukingo wa mwanga ulikuwa kwenye kamba ya kiatu, kisha haukuwa kwenye kamba, ulikuwa kwenye ngozi, kisha ulikuwa kwenye ncha.

"Limesogea," mtoto mmoja akanong'ona.

"Jua halijasogea," msichana akamsahihisha. "Ni babu."

Nilikuwa namtazama mdogo wangu usoni, kwa hiyo nilikiona kinapoingia. Kilianzia masikioni. Masikio yalipanda. Halafu nyusi. Halafu akakaa zuliani kwa kishindo, tai ikaruka begani, mikono miwili ikakamata mguu wa kiti kilichokuwa karibu.

"Jamani," akasema taratibu. "Jamani. Shikeni."

Watoto thelathini wakashikana. Waliokosa mtu wa kushika wakashika zulia. Wavulana wakaanza kuanguka kwa makusudi, kisha si kwa makusudi, mmoja akasema tumbo lake limebaki kule, mwingine akamshika miguu asiende. Wifi yangu alikuwa ameshaingia chini ya viti vyake vyote viwili. Mdogo wangu alikuwa anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tukiwa watoto, chenye mluzi mwishoni, machozi yanamtiririka, na akawa anaonyesha dirisha kwa kidevu kwa kuwa mikono ina kazi. "Kule," anasema. "Tunakwenda kule. Sisi ndio tunalifuata." Na kweli ni kule. Mkurugenzi alikuwa amekamata kitasa cha mlango kwa nguvu zote, na nilipomtazama akajifanya anakagua kama kinafunga vizuri.

Ilichukua nusu saa kuwatoa watoto, maana kila mmoja alitaka zamu ya kuweka kiatu. Walipokwisha kutoka, mkurugenzi akatujia na fomu yake. Alisema Jumatatu, saa mbili asubuhi, na aje na tai hiyohiyo. Wifi akauliza saa za kutoka ni ngapi, na kama zinaweza kuongezwa.

"Limebaki swali moja tu, ni la kawaida," mkurugenzi akasema, akasoma. "Je, mwombaji anasumbuliwa na kizunguzungu, au hali yoyote inayoweza kumzuia kusimama?"

"Kizunguzungu? Hata kidogo," mdogo wangu akajibu kutoka zuliani, na sauti yake ya darasani imemrudia yote. "Ile ilikuwa kuwachangamsha watoto. Mimi mambo haya nimeyazoea."

Mkurugenzi akaandika hapana. Akabana kalamu kwenye kibao, akainama, akamnyooshea mkono.

"Vizuri sana, mwalimu. Basi simama tuagane."

Mdogo wangu akautazama ule mkono. Akatazama zulia, akatazama dirisha. Mguu wa kiti hakuuachia.